Sura ya Sita: Geti la Komeo

Kijiko kiligusa ukingo wa kikombe mara moja tu, kikanyamaza ghafla. Inspekta alifumbua macho gizani. Mume wake alikuwa jikoni akikoroga chai kwa tahadhari asije akamwamsha mapema, na tahadhari hiyo ndiyo iliyomwamsha. Aliinuka, akavaa, akainywa ile chai akiwa amesimama. Mume akamkabidhi funguo za gari la polisi bila swali lolote. Alikuwa amezitafuta mwenyewe chini ya kochi, kwa kuwa alijua mkewe angezitafuta huku akilaani nyumba nzima.

Alitaka kufika hospitali kabla hakujapambazuka kwa sababu tatizo lenyewe lilikuwa la alfajiri. Mchana lilijificha, na kila mtu alilisimulia alivyopenda.

Kwa mkuu wa kituo chake kesi ilikuwa imeshakwisha. Wiki iliyopita, katika wodi ya wazazi, mama mmoja alijifungua akaanza kuvuja damu. Muuguzi akaomba damu kwa kompyuta kama utaratibu ulivyotaka, na ombi likakwama njiani. Mama yule aliponea chupuchupu. Hospitali ikamtaja mkosaji palepale: fundi wa kompyuta aliyefukuzwa kazi mwanzoni mwa mwezi. Siku moja baada ya kufukuzwa, maombi ya damu yalianza kukwama kila alfajiri. Kisasi, walisema. Sasa Fundi alikuwa nyumbani kwa mama yake, simu yake iko mikononi mwa polisi, na hati ya kumkamata kwa kosa la kujaribu kuua ilikuwa mezani ikisubiri sahihi moja tu. Sahihi hiyo ilikuwa ya Inspekta, mpelelezi wa makosa ya kompyuta, na ilitakiwa kabla ofisi hazijafungwa siku hiyo.

Wodini taa zilikuwa zimepunguzwa. Muuguzi wa zamu alimwona akiingia, akaendelea kukunja shuka.

“Nilishahojiwa,” alisema. “Mara mbili. Ya tatu mtanilipa zamu?”

Inspekta akamwambia kwamba hakuja kuhoji, alikuja kutazama. Akamwomba atume ombi la majaribio kwa benki ya damu, chini ghorofa ya kwanza. Muuguzi akafyonya, akaketi mbele ya kompyuta, akabonyeza. Duara dogo likatokea kwenye skrini, likazunguka, likaendelea kuzunguka. Wote wawili walilitazama, muuguzi akirudia kukunja shuka zake mpaka zikaisha.

“Umeona,” alisema muuguzi. “Usiku ukishatulia, ombi la kwanza la alfajiri ndivyo linavyofanya. Baadaye anakuja mtu analitengeneza, mambo yanakwenda.”

“Mtu gani?”

“Mimi nakaa na wagonjwa, afande. Sikai na mashine.”

Kuhusu ile alfajiri ya mama aliyevuja damu, muuguzi alisimulia kwa ufupi na kwa hasira. Aliteremka ngazi mbio. Karani wa benki ya damu akakataa kutoa mfuko bila ombi la kompyuta, kwa sababu Mkurugenzi alishapiga marufuku maombi ya mdomo. Basi yeye akaketi sakafuni katikati ya mlango wa karani, akamwambia hatoki pale bila damu. Yule karani akamtazama, akafungua friji, akaandika jina lake mwenyewe kwenye mfuko ili lawama ikija imkute yeye. Muuguzi aliisema sehemu hiyo ya mwisho akiangalia pembeni, kama mtu anayelipa deni asilopenda.

“Hakuna alfajiri hata moja ambayo ombi halikukwama?” Inspekta aliuliza.

Muuguzi alifikiri. “Usiku wa ajali ya basi. Tuliomba damu usiku kucha mpaka kunakucha. Siku hiyo halikukwama hata kidogo.”

Inspekta alilipima hilo kichwani. Mtu mwenye kisasi huchagua usiku wa kuumiza. Huyu alikuwa ameuacha usiku mzito kuliko zote upite salama, akaja kuvizia usiku ambao hata mbu alikuwa amelala.

Chumba cha mashine kilikuwa mwisho wa korido, nyuma ya mlango wa chuma. Aliukuta wazi. Ndani kulikuwa na mwanamume mnene amevaa sweta iliyogeuzwa ndani nje, ameinamia kibodi, viatu vyake vimelowa umande.

“Wewe ndiye unayetengeneza,” alisema Inspekta.

Yule mtu hakushtuka. Alimaliza kubonyeza, akageuka, akamwuliza kama polisi siku hizi hawafundishwi kubisha mlango. Alikuwa mkuu wa ulinzi wa mtandao. Hospitali nzima ilimwita Komeo kwa jinsi alivyopenda kufunga vitu, naye alilijua jina hilo na alilivaa kama nishani. Alikiri kwamba tangu tatizo lianze alikuwa akija kila alfajiri kabla ya zamu yake kuizima na kuiwasha upya mashine ya mbele. Hakuna aliyemtuma, na hakumwambia mtu. Siku ya yule mama hakuja kwa sababu mwanawe alikuwa na homa.

“Mbona hukusema?”

“Nimwambie nani? Wakijua inatengenezeka kwa kuwasha upya, hakuna atakayemtafuta aliyeiharibu.”

Inspekta akavuta kiti bila kukaribishwa, akaomba aonyeshwe njia yote tangu mwanzo. Komeo alionyesha kwa kidole, maneno akiyabania. Mashine zilikuwa mbili. Ya mbele, seva ya wavuti, ilifanya kazi ya mapokezi: ilipokea ombi kutoka wodini na kulipeleka ndani. Ya ndani, seva ya programu, ndiyo iliyojua kuna damu ya kundi gani na iko friji ipi. Katikati yao palikuwa na kifaa cha ulinzi ambacho wafanyakazi wote walikiita geti. Hakuna kilichopita kati ya mbele na ndani bila kupitia getini.

Inspekta alianza na kumbukumbu za seva ya mbele. Alfajiri ile ile aliyotoka kuishuhudia ilikuwa imeandikwa wazi: nimetuma ombi, nimesubiri, sijajibiwa. Kisha akafungua za seva ya ndani, akatafuta wakati huo huo. Hapakuwa na kitu. Seva ya ndani haikukataa ombi, wala haikuchelewa kulijibu. Haikuwa imeliona kabisa.

“Mmoja anasema nimeita, mwingine anasema sikuitwa,” alisema.

“Mmoja anadanganya. Kama kawaida ya watu.”

“Mashine hazina mama wa kumwogopa, kaka. Zote mbili zinasema kweli.”

Akaendelea hatua kwa hatua, na Komeo akimkejeli kila hatua. Aliangalia nyaya, zikawa nzima. Akalinganisha saa za mashine hizo mbili, zikapatana. Anwani ambayo seva ya mbele iliitumia kumtafuta mwenzake ilikuwa sahihi, na namba ya mlango ambao seva ya ndani iliusikiliza ilikuwa ile ile. Alimwuliza Komeo kama kuna mtu aliyegusa masharti ya geti karibuni. Komeo akamfungulia historia yake kwa fahari: mwaka mzima, hakuna mkono uliogusa. Mwisho Inspekta alifungua njia mpya kabisa kutoka mbele kwenda ndani, akatuma salamu. Jibu likarudi kabla hajaondoa kidole.

Aliuliza kama wodi zinafunguliwa njia mpya kila zinapotuma ombi. Komeo akasema hapana, ingekuwa upotevu. Seva ya mbele huweka njia chache zilizokwisha kufunguka, kama mtu anayeacha simu bila kuikata ili asipige upya.

“Na ukiizima na kuiwasha?”

“Inazitupa zote, inafungua nyingine.”

Inspekta akaandika mstari mmoja kwenye kiganja chake kwa kalamu, tabia aliyokuwa nayo tangu chuo cha polisi na ambayo mumewe aliichukia. Njia mpya inapita. Iliyokaa ndiyo inayokufa.

Hapo Komeo akamwekea ushahidi wake mezani, kama mtu aliyekuwa ameusubiri wakati huo tangu alfajiri. Siku Fundi alipofukuzwa, Komeo mwenyewe alifuta akaunti yake pamoja na kila kitu kilichokuwa chini yake. Lakini nakala ya akiba ilibaki, na ndani yake aliikuta kazi iliyofichwa: amri ya mstari mmoja iliyojiendesha yenyewe kila baada ya dakika chache, usiku na mchana, kutoka seva ya mbele kwenda ya ndani. Fundi alishaonywa asiendeshe kitu usiku bila kibali. Barua ya kumfukuza ilitaja kosa hilo hilo.

“Bomu lake hilo,” alisema Komeo.

Inspekta aliisoma mara ya kwanza, akairudia. Haikuandika kitu. Haikufuta kitu. Iliuliza tu seva ya ndani kama iko macho, ikipata jibu inaondoka.

“Inaharibu nini?”

“Mtu anayekuja kila saa kutikisa kitasa cha mlango wako, utamwuliza anaharibu nini?”

“Na wewe ulishamfuta. Bomu lililofutwa linalipuka vipi kila alfajiri?”

Komeo alisema hiyo ndiyo kazi ya polisi, na kwamba kodi yake ilikwenda huko.

Mkurugenzi alimpokea akiwa amesimama, ili na mgeni asipate nafasi ya kuketi. Alikuwa na shati lililonyooshwa mpaka kwenye kola na sauti ya mtu anayeongea na ukuta. Alitaka kujua hati imeshasainiwa au bado. Inspekta akamweleza kwamba bado kuna jambo moja halijakaa sawa. Mkurugenzi akamweleza, kwa upole unaoumiza, kwamba ndugu wa yule mama wana wakili, kwamba mwandishi wa habari ameshapiga simu, na kwamba hospitali inahitaji jina.

“Mama, umeletwa hapa kuthibitisha,” alisema. “Hukuletwa kufikiri.”

“Kufikiri nakuongezea bure, mheshimiwa.”

Mkurugenzi alimwambia angempigia mkuu wake wa kituo. Inspekta akamwambia amsalimie.

Nyumba ya mama yake Fundi ilikuwa ya vyumba viwili na ua mdogo, katika mtaa ambao nyumba ziligusana mabega. Gari la polisi liliposimama, mazungumzo ya barazani yalikatika pande zote mbili za njia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya mlango wake aliita wanawe waingie ndani, ingawa hawakuwa wakifanya lolote.

Mama alimwona kupitia nondo za dirisha na hakufungua.

“Mwanangu hayupo.”

“Namwona, mama. Yuko nyuma yako anaanika nguo.”

“Basi mtazame vizuri, halafu uende.”

Ilichukua maneno mengi. Mama alitaka kujua kama mgeni huyu ana mtoto. Inspekta akasema anao wawili. Mama akasema basi anajua anachokuja kuchukua, na mlango ukafunguka kwa mlio wa mtu aliyekubali kwa kukosa nguvu. Hakuambiwa karibu. Lakini mama alipopita, alilisogeza beseni la maji lililokuwa njiani kwa mguu, asije mgeni akajikwaa.

Fundi alikuwa kijana mrefu mwenye mabega yaliyoinama, amevaa fulana, vibanio vya nguo amevibana mdomoni. Alivitoa kimoja kimoja.

“Simu mmechukua,” alisema. “Sasa mnataka nini, sabuni?”

Inspekta alimwuliza alikuwa akiendesha nini usiku kwenye seva ya mbele. Akasema hakuendesha kitu. Alimwuliza tena, akajibu vile vile, safari hii akimpa mgongo na kulikunja shati aliloshika. Basi Inspekta akamsomea ule mstari mmoja, neno kwa neno, kama alivyoukuta kwenye nakala ya akiba.

Fundi akaliachia shati. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, akisikiliza.

“Haya, andika,” alisema Fundi. “Si ndicho ulichokuja kutafuta? Nilikatazwa, nikaendesha. Nilifukuzwa kwa hilo, sasa nifungwe kwa hilo hilo.”

“Sijauliza kama ulikatazwa. Nimeuliza kwa nini uliianza.”

Jibu lilikuja kwa vipande. Zamani wauguzi wa usiku walimlalamikia kwamba ombi la kwanza la alfajiri hukwama. Alitafuta, akaona sababu, akaenda kwa Komeo kuomba geti lilegezwe kwa njia hiyo moja tu. Komeo akasema geti halina ndugu. Akaenda mara ya pili, wakatukanana mbele ya watu. Baada ya hapo hawakusemezana tena. Akaweka ile amri, kimya kimya, na wauguzi wakaacha kulalamika, na yeye mwenyewe akaisahau mpaka siku barua ilipomtaja kuwa anaendesha kitu usiku bila kibali.

“Na waliokuhoji walikuambia nini kimeharibika?”

“Waliniambia nimeua mfumo. Nilipouliza umekufaje, mmoja akanipiga kofi.”

Inspekta alilisikia hilo, akaomba jina la askari huyo, akaliandika kiganjani chini ya ule mstari wa kwanza. Kisha akamwambia kilichokuwa kikitokea: ombi la kwanza tu, alfajiri tu, baada ya usiku wenye ukimya, na kwamba usiku wa ajali ya basi hakukukwama kitu.

Kibanio kilimdondoka Fundi. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

“Geti hufunga njia ikikaa kimya muda gani?” Inspekta aliuliza.

“Saa moja.” Sauti yake ilikuwa ndogo. “Na halimwambii mtu. Wa mbele anadhani simu bado iko hewani. Anaongea, anangoja. Kumbe waya ulishakatwa.”

“Wewe ulikuwa unazuia isikae kimya.”

“Nilikuwa naipigia hodi.”

“Wote pale wanauliza uliacha nini ulipoondoka,” alisema Inspekta. “Hakuna aliyeuliza uliondoka na nini.”

Mama aliuliza kutoka mlangoni kama ameelewa vizuri: mwanawe amefukuzwa kwa kuangalia mashine isilale? Fundi akasema kwa hasira kwamba maneno hayo ni mazuri hapa uani, lakini kule atakuwa ni yeye na Komeo, neno lake na la Komeo, na alijua la nani litasikilizwa. Inspekta alimwambia hatapeleka neno la mtu yeyote. Atapeleka mashine zikaseme zenyewe.

Alirudi hospitali, akamtaka Mkurugenzi na Komeo wote wawili waingie chumba cha mashine na wakae. Palikuwa na seva ya mbele ya akiba, mashine ambayo wodi hazikuitumia, lakini nayo ilipitia geti lile lile. Inspekta alifungua njia mbili kutoka hapo kwenda seva ya ndani. Kila moja akaitumia ombi, kila moja ikajibiwa mara moja, na akawaonyesha majibu. Njia ya kwanza akaiacha kama ilivyo. Ya pili akaiwekea ule mstari wa Fundi, neno kwa neno kutoka kwenye nakala ya Komeo.

“Sasa tunangoja zaidi ya saa moja,” alisema. “Hakuna anayegusa kitu.”

Mkurugenzi alimwuliza kama anafahamu thamani ya saa yake. Inspekta akamwambia yule mama wa wodini alikuwa na saa pungufu ya hiyo. Mkurugenzi akaketi.

Walikaa. Mashine zilivuma, hewa ya baridi ikapuliza kutoka juu. Mkurugenzi alijibu ujumbe kwenye simu akipiga vidole kama anayechoma nyama. Komeo alikunja mikono. Safari moja alisema kwamba huko nyuma waliwahi kuletewa mganga wa mashine kama huyu, akaondoka na bili. Safari nyingine Mkurugenzi alimwuliza Inspekta kama ana shahada. Akasema anayo, iko kwenye fremu, inahitaji kupanguswa vumbi. Baridi ilipomzidi akajikunyata. Komeo, bila kumtazama, akavua ile sweta yake ya ndani nje na kuitupia kwenye magoti yake, halafu akageukia ukuta haraka, asije akashukuriwa.

Saa ilipopita, Inspekta alisimama. Alianza na njia iliyokuwa ikipigiwa hodi. Akatuma ombi. Jibu likarudi papo hapo, damu ya kundi gani, friji ipi, rafu ipi.

Kisha akatuma ombi kwa njia iliyoachwa kimya.

Duara likazunguka. Mkurugenzi akasogeza kiti. Duara likaendelea kuzunguka, lile lile la wodini alfajiri ile, na hakuna mkono uliokuwa umeligusa. Fundi alikuwa ng'ambo ya mji, hana simu, hana akaunti, anaanika nguo.

“Hiyo haithibitishi kitu,” alisema Mkurugenzi.

Inspekta alimwangalia Komeo. Komeo alikuwa ameshafungua kumbukumbu za geti lake mwenyewe, akizishusha kwa kidole kilichokuwa kizito. Alikuwa na nafasi ya kufunga ile skrini na kusema hakuona kitu. Wala asingejua mtu.

“Imeandikwa hapa,” alisema. Akasoma. “Njia imefungwa. Sababu, ukimya.” Akashusha zaidi. “Na jana alfajiri. Na juzi. Inarudi nyuma mpaka siku niliyofuta akaunti yake.”

“Una maana gani?” Mkurugenzi aliuliza.

“Nina maana ni geti langu. Aliniomba nililegeze, nikamtukana. Akalizunguka kwa njia yake, na mimi nikamfuta nayo.”

Mkurugenzi alisimama akafunga mlango. Alisema kwa sauti ya chini kwamba jambo hili ni la kiufundi, linaweza kumalizwa ndani, na kwamba kijana yule kwa vyovyote alivunja utaratibu. Barua yake ya kufukuzwa ilikuwa na sahihi ya Mkurugenzi mwenyewe, na hilo ndilo lililokuwa likimchoma. Inspekta akamweleza kwamba atakaloandika ni hili: hakuna aliyetaka kuua, na kilichokatika kilikatwa na kifaa cha hospitali baada ya hospitali kuondoa kilichokuwa kikikizuia. Ugomvi wa barua wataumaliza wenyewe kwa wakili wampendaye.

“Nitampigia mkuu wako sasa hivi.”

“Mpigie. Ukimpata mwambie ile hati aichane.”

Alimgeukia Komeo akamwuliza kama atasaini maelezo ya alichokiona. Komeo alisaini pale pale, amesimama, karatasi ameiegemeza juu ya mashine. Baada ya hapo akaketi kwenye kibodi, na dawa ikawa ndogo kuliko ugomvi wote uliotangulia: aliiagiza seva ya mbele isishike njia yoyote iliyokaa kimya nusu saa, iikate yenyewe na kufungua mpya, kabla geti halijaifunga. Akaijaribu. Ikakubali. Alipomaliza aliendelea kuitazama skrini.

“Mwambie,” alianza, halafu akaacha. “Basi, usimwambie kitu. Nitakwenda mwenyewe.”

“Atakufukuza.”

“Najua.”

Jua lilikuwa limeshaanza kulegea gari la polisi liliporudi kwenye mtaa ule. Baraza zikanyamaza tena. Safari hii hata yule mwanamke wa ufagio hakujisumbua kuita wanawe. Alisimama akatazama waziwazi, mkono kiunoni, kama aliyelipia kiti. Mama alifungua kabla mgeni hajafika mlangoni, uso wake umekauka, mfuko mdogo wa nguo za mwanawe uko tayari miguuni.

Inspekta akautazama ule mfuko. Akasema hautahitajika. Akaeleza kwa maneno machache yaliyotokea chumba cha mashine, nani alisoma nini, nani alisaini. Akatoa simu ya Fundi mfukoni, akamkabidhi.

Fundi aliipokea, akaigeuza, akaona kioo chake kimepata ufa mikononi mwa polisi. Hakusema asante. Aliuliza kama anarudishwa kazini. Inspekta akasema hilo haliko kwenye uwezo wake. Akauliza na yule askari wa kofi. Inspekta akasema ataandika, lakini hatamdanganya kwamba kitatokea kitu. Fundi akatikisa kichwa mara moja, akaingia chumbani akafunga mlango.

Mama alibaki amesimama. Alimtoa mgeni hadi nje, jambo ambalo asubuhi lisingewezekana, na walipofika garini akalishika sikio la kioo cha pembeni kama mtu anayezuia farasi.

“Mwanangu atachukua muda,” alisema. “Usimwone mkorofi.”

“Ana haki, mama.”

Mama aliutazama mtaa, baraza moja baada ya nyingine, na nyuso zikageuka moja baada ya nyingine. Tangu habari ienee kwamba mwanawe alitaka kumwua mama aliyejifungua hospitalini, alisema, hakuna aliyekuja kuomba hata chumvi. Waliovuka kizingiti chake walikuwa askari tu, na kila walipotoka walitoka na kitu: mara simu, mara mtoto mwenyewe wa kuhojiwa, akarudi na shavu limevimba. Yeye hawezi kuzunguka nyumba hadi nyumba akieleza mambo ya geti. Nani atamwelewa.

“Kwa hiyo uje tena,” alisema. “Siku yoyote, ila uje mchana. Uje na gari hili hili la polisi, uliegeshe papa hapa wanapoliona. Uingie, ukae, unywe chai taratibu. Halafu utoke peke yako.”